"Ni hali yake tu": sentensi ninayotamani nisiisikie tena kliniki

Kila wiki anakuja mmoja. Anamshika mkono kaka au dada yake mwenye Down (Down syndrome, hali ambayo mtu huzaliwa nayo), aliyevuka miaka 40, na kabla hajakaa vizuri anasema: "Daktari, amebadilika. Haongei, hataki kuoga, analala mchana kutwa. Tulikotoka wametuambia ni hali yake tu." Nikiuliza kipimo gani kilifanyika kabla ya kuambiwa hivyo, ananitazama. Hakikufanyika chochote.

Dhana: akibadilika ukubwani, ni Down yenyewe, au Alzheimer imeshaanza na hakuna la kufanya

Down haibadiliki. Nduguyo alizaliwa na nakala tatu, badala ya mbili, za kromosomu ya 21 (kromosomu ni vibeba jeni ndani ya seli), alikuwa nazo akiwa na miaka 5 na atakuwa nazo akifika 55. Kama mwanzoni mwa mwaka alikuwa akijifunga vifungo vya shati na sasa hawezi, kuna jambo jipya limeingia, na lina jina lake.

Hofu ya Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, naielewa, maana ina msingi. Jeni ya APP, inayohusika na amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wenye Alzheimer, imo kwenye kromosomu hiyohiyo ya 21. Ndiyo maana wakifika 40, karibu wote huwa na mabadiliko ya Alzheimer kwenye ubongo, na dalili kwa wengi hujitokeza katika miaka ya 50. Ila kwa kuwa ni ugonjwa unaowapata wengi, umegeuka kapu la kutupia kila kitu. Alzheimer hutajwa mwisho, yale yanayotibika yakishaondolewa moja baada ya jingine.

Na yako mengi. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, isipofanya kazi ya kutosha humfanya mtu awe mzito, msahaulifu, asiyetaka kuguswa. Kipimo cha damu cha TSH kinatosha kuionyesha, na mtu mzima mwenye Down anapaswa kupimwa kila mwaka mmoja au miwili hata akiwa mzima. Kukatika pumzi usingizini kumewapata zaidi ya nusu yao: anakoroma, anashtuka, kesho yake anasinzia mezani na nyinyi mnasema anazeeka. Mtoto wa jicho huwajia mapema, naye asiyeona ngazi ataogopa kushuka. Na masikio! Njia zao za masikio ni nyembamba, nta huziba kirahisi. Niliwahi kuletewa dada aliyekwisha kuandikiwa kuwa ana demensia (kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) kwa sababu hakuwa akijibu maswali. Tulitoa nta pande zote mbili, akanigeukia akaniuliza kwa nini napiga kelele.

Kuna na sonona, hasa baada ya kufiwa na mama aliyeishi naye maisha yote, huku wakubwa wakiamua "asiambiwe, hataelewa". Anaona kiti kitupu kila siku. Mwambieni, tena kwa neno "amekufa". Ukisema amesafiri, atamngoja.

Angalieni pia kasi. Alzheimer huingia polepole, kwa miezi na miaka. Aliyebadilika ndani ya siku chache mara nyingi ana maambukizi, maumivu, choo kigumu au dawa mpya isiyomfaa. Anayeanza kuyumba akitembea au kujikojolea ghafla apimwe uti wa mgongo shingoni haraka, maana viungo vya hapo kwao huwa vimelegea na vinaweza kubana neva.

Ushauri wangu, ambao wauguzi wangu wamechoka kuusikia: akiwa na miaka 35, mrekodi video kwa simu. Akivaa, akipanda ngazi, akisimulia siku yake. Rudia kila mwaka. Hakuna mashine itakayonieleza alivyokuwa zamani vizuri zaidi kuliko dakika 5 hizo. Na ukiambiwa tena ni hali yake, uliza: "Asingekuwa na Down, mngempima nini?" Kisha usiinuke kwenye kiti.

Dhana: hawa hawasikii maumivu

Wanasikia. Wanachelewa kuonyesha, au wanaonyesha kwa njia ambayo hukuizoea: anakataa chakula, anajipiga kichwa, halalii upande mmoja. Usingoje alie.

Dhana: hawaishi hadi uzee

Takwimu za Marekani za 1983 ziliweka wastani wa umri wao kwenye miaka 25 hivi. Leo ni karibu 60. Hesabu hiyo maana yake ni kwamba wazazi watatangulia na mlezi utakuwa wewe, kwa hiyo anza kuhudhuria kliniki zake wakati mama bado yupo wa kukueleza historia.

Dhana: mambo ya moyo yalishamalizwa utotoni

Vali za moyo zinaweza kuanza kuvuja ukubwani, hata kwa ambaye hakuwa na tatizo lolote utotoni. Apimwe.

Dhana: akilazwa, muachie hospitali

Hapa sitabembeleza. Kaa naye. Nimonia inawaua wengi, na mara nyingi chanzo ni chakula kilichopita njia ya hewa. Akikohoa au kupaliwa anapokula, omba apimwe umezaji kabla sahani nyingine haijaletwa, na asilishwe akiwa amelala chali. Muuguzi aliyemwona leo kwa mara ya kwanza hawezi kujua kwamba kwa kawaida hapaliwi. Wewe unajua.