Nikitafuta mawese kwenye siagi, siyatafuti mawese

Nairobi hii, watu wakishajua mimi ni mkemia wa mafuta, huniuliza kama samli ya Eastleigh au siagi ya supamaketi imetiwa mawese. Kwa kuonja hutajua. Wengi hudhani natafuta asidi ya palmitiki, iliyojaa kwenye mawese kwa takriban asilimia 44. Hainisaidii sana, maana siagi nayo hufika hata asilimia 30, kutegemea malisho ya ng'ombe.

Mimi huanza na asidi ya butiriki, yenye kaboni 4 tu. Ni kama asilimia 3 au 4 ya mafuta ya maziwa, na mawese hayana, kwa hiyo siagi ikitiwa mawese, butiriki hupungua. Ndiyo hiyo inayonuka siagi ikichacha.

Mafuta ya siagi ni trigliseridi, molekuli nzito zilizobeba asidi tatu tatu na zisizogeuka mvuke kwa urahisi, na mashine yangu hupima mvuke. Kwa hiyo huyatia metanoli na kichocheo ili kila asidi iwe esta ya methili, iliyo nyepesi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Esta ya butiriki huchemka kwenye nyuzi 102 pwani. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, huchemka mapema zaidi. Anayekausha sampuli ili kuikoleza atapoteza butiriki yote, na siagi safi kabisa itaonekana ya bandia. Mimi sikaushi, na chupa naifunga hapo hapo.

Kromatografia ya gesi huzitenganisha esta hizo ndani ya neli ndefu nyembamba iliyo kwenye tanuri: kaboni 4 hutangulia, kaboni 18 huchelewa sana. Lakini muda wa kutoka si ushahidi tosha, kwani vitu viwili vinaweza kutoka pamoja. Spektrometa ya masi huzipiga molekuli kwa elektroni zikavunjika, kisha hupima vipande. Esta za asidi zilizoshiba (zisizo na vifungo maradufu kati ya kaboni), butiriki ikiwemo, hutoa kipande chenye masi 74, na nikikiona roho yangu hutulia.

Mawese yakiwa kidogo, butiriki huweza kubaki kwenye viwango vya kawaida, maana hata ng'ombe hawalingani. Hapo nahamia steroli, molekuli za aina nyingine zilizo kidogo ndani ya mafuta. Maziwa yana kolesteroli, yenye masi 386. Mimea ina sitosteroli, 414. Chembechembe za sitosteroli hutoka kwenye nyasi, kwa hiyo simwiti mtu mwizi kwa kuziona tu. Kilele cha sitosteroli kwenye grafu ya mashine kikiwa kirefu, hapo ndipo nampigia simu aliyeleta sampuli.