Moto Ulio Ndani ya Bati Bado ni Moto: Matumizi ya Majiko ya Kuni ya Kubebeka Msituni

Mvua za vuli zinapokatika na kiangazi cha Januari hadi Machi kuanza, vituo vya misitu vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare huingia katika kipindi ambacho kila moshi unaoonekana hufuatiliwa hadi ulikotoka. Katika misimu ya hivi karibuni sehemu ya moshi huo imetokana na watu ambao kwa kawaida hatuwahesabu miongoni mwa waharibifu: vijana wa vikundi vya kupanda milima, familia zinazopiga kambi mwishoni mwa wiki, na hata waongoza wageni wenye uzoefu. Hao wamenunua majiko madogo ya chuma yanayotumia vijiti, na wanaamini, kwa nia njema kabisa, kwamba jiko la aina hiyo halihusiki na masharti ya moto msituni. Imani hiyo ndiyo iliyosababisha makala haya.

Jiko lenyewe halina ubaya. Mengi kati ya yanayouzwa sasa yana kuta mbili: hewa huingia kwa matundu ya chini, nyingine hupanda katikati ya kuta hizo na kupata joto, kisha hutokea kwenye matundu ya juu na kuunguza moshi kabla haujatoka. Kwa sababu hiyo jiko lililokolea hutoa moshi kidogo na hutumia kuni chache kuliko mafiga matatu, na sisi tunaoshughulikia ulinzi wa misitu hatuwezi kukasirikia chombo kinachopunguza kuni. Hata hivyo, moshi kuwa mdogo haimaanishi kwamba moto ni mdogo. Mvuto wa hewa unaolifanya jiko hilo liwake vizuri ndio huo huo unaorusha cheche juu kila unapoongeza vijiti, na kitako chake hupata joto la kutosha kuunguza majani yaliyo chini yake bila mwali wowote kuonekana.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa kuwa hapo ndipo mazungumzo langoni huchukua muda mrefu bila sababu. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 kinamkataza mtu yeyote aliye katika msitu wa umma, asiye na leseni, kibali au mkataba wa usimamizi, kuwasha, kubeba au kutupa moto, kiberiti au kitu kingine kinachowaka. Msomaji atazame maneno hayo kwa makini. Hayasemi moto mkubwa, wala moto wa wazi, wala moto uliowashwa ardhini, yanasema moto. Jiko la chuma ni chombo cha kuwekea moto, na chombo hakibadilishi kilichomo. Aidha, kifungu hicho kinataja tangazo pale tu kinapozungumzia uvutaji wa sigara, ambao umekatazwa mahali palipowekwa tangazo la kuukataza. Kuhusu kuwasha moto hakuna sharti la tangazo, na kwa hiyo utetezi wa kwamba "hatukuona bango" hauna mashiko hata pale ambapo bango kweli halikuwepo.

Suala la pili ni kuni zenyewe. Wengi husema kwamba wameokota vijiti vilivyokwisha kuanguka, ambavyo vingeoza tu. Sheria inaorodhesha kuni miongoni mwa mazao ya misitu, pamoja na majani, takataka za mimea zilizo chini ya miti, kuvumwani, asali, mawe na hata kinyesi cha wanyama, na haibagui kati ya kijiti kilichokatwa na kilichoanguka. Kuchukua zao lolote kati ya hayo bila idhini ni kosa. Wananchi wanaoishi kandokando ya misitu wanalijua jambo hili vizuri kuliko wageni, kwa kuwa wao hulipia kibali cha kuni kituoni na hubeba mzigo wao wakiwa na risiti. Si haki mama wa kijijini aulizwe risiti ya mzigo wake ilhali mpanda mlima aliyefika kwa gari anajaza jiko lake bure, eti kwa kuwa vijiti vyake ni vyembamba.

Risiti ya kiingilio nayo imekuwa chanzo cha kutoelewana. Malipo yanayofanywa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma na malipo mtandaoni, yanakuruhusu kuingia na kufanya shughuli uliyoilipia, si zaidi. Aliyelipia matembezi ya mchana hajalipia kambi, na aliyelipia kambi hajapewa idhini ya kuwasha moto popote apendapo. Ikumbukwe pia kwamba kifungu hicho cha 64 kinakataza kuwa msituni bila idhini kati ya saa moja usiku na saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa kwa watu kinaowataja, kama vile anayetumia barabara au njia inayotambuliwa au anayeshiriki shughuli za utamaduni, sayansi au burudani, na saa moja usiku ndiyo saa ambayo wengi wanakuwa wamekaa kando ya jiko wakisubiri chai.

Utaratibu unaofaa ni kwenda, au kutuma barua mapema, kwa afisa anayesimamia kituo cha misitu cha eneo husika. Ombi linaloshughulikiwa haraka ni lile linalotaja idadi ya watu, jina la mwenye dhamana ya kundi, eneo la kambi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, aina ya jiko, na mahali kuni zitakapotoka. Jambo hilo la mwisho husahaulika karibu kila mara. Ikiwa kuni zitanunuliwa kituoni, liandikwe hivyo. Ikiwa zitatoka shambani au dukani, risiti au maelezo ya maandishi yabebwe pamoja na mzigo, kwa sababu afisa wa misitu ana mamlaka ya kumtaka mtu anayekutwa na zao la misitu linalotiliwa shaka aeleze alivyolipata, na maelezo ya mdomo yanayobadilika kati ya lango na kambi hayamsaidii yeyote. Kibali kikishatolewa, kisomwe. Kisha kibebwe na mtu aliye na kundi, wala si yule atakayefika kesho yake. Afisa anaweza kukataa ombi, au kuruhusu kambi bila moto, kulingana na hali ya ukavu, na kiangazi kikiwa kikali hilo la pili ndilo jibu la kutarajia.

Anayekiuka masharti ya kifungu cha 64 na kupatikana na hatia hutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000, au hufungwa kwa muda usiopungua miezi sita, au hupewa adhabu zote mbili. Neno "isiyopungua" limekuwa likisomwa vibaya. Shilingi 100,000 ndicho kiwango cha chini kabisa, si ukomo, na si kiasi ambacho mlinzi wa misitu anaweza kukipunguza pale njiani. Mlinzi hana mamlaka ya kupokea faini, na anayempa fedha mkononi anaanzisha kosa jingine lisilohusiana na misitu. Kuwasha moto, kuchukua kuni na kuwa msituni saa zisizoruhusiwa yametajwa kila moja peke yake, na kila moja linaweza kuwa shtaka lake. Zaidi ya hayo, zao la msitu likiwa limeharibiwa, mahakama inaweza kumwamuru aliyetiwa hatiani kulipa fidia, na vifaa vilivyotumika vinaweza kutaifishwa. Tunaulizwa mara nyingi kama jiko linahesabiwa kuwa kifaa. Linahesabiwa.

Wanaopanda Mlima Kenya wanapaswa kujua kwamba msitu wa hifadhi unaozunguka mlima na Hifadhi ya Taifa iliyo katikati yake si kitu kimoja. Anayeingia kwa Naro Moru, Sirimon au Chogoria anafika katika eneo linalosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, chini ya sheria nyingine yenye masharti na adhabu zake, na kibali cha kituo cha misitu hakimsaidii huko. Ushauri wetu ni kwamba juu ya ukanda wa msitu jiko la kuni liachwe na jiko la gesi libebwe. Huko juu hakuna kuni za kuokota. Kuna vichaka vya Erica vinavyoshika moto hata vikiwa vibichi, na kuna senesio wakubwa, ile mimea yenye shina nene na kichwa cha majani, ambao majani yao makavu hubaki yameshikamana na shina. Mgeni huyaona kama viwashio vilivyotayarishwa. Kwa kweli majani hayo ni blanketi la mmea dhidi ya baridi ya usiku, na shina lililovuliwa blanketi huganda.

Kuna sababu nyingine ambayo ni ya kijikoni tu. Katika kambi ya Shipton, iliyo kwenye kimo cha mita 4,200 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi joto 86 au zaidi kidogo. Mahindi na maharage ya githeri hayaivi kwa joto hilo hata ukiwa na subira ya ngamia, na anayejaribu kuyapika kwa vijiti atachoma gunia zima. Githeri ichemshwe nyumbani, ipande mlima ikiwa imeiva, na ipashwe moto tu.

Kwa walioruhusiwa kutumia jiko la kuni katika kambi za chini, aina ya kuni ina uzito wake. Mtarakwa na matawi makavu ya misaipresi huwaka haraka na kurusha cheche nyingi. Mwanzi ni hatari zaidi, kwa kuwa hewa iliyozibwa ndani ya pingili zake hutanuka na kuupasua kwa kishindo, na vipande vinavyowaka hurushwa mbali na jiko. Anayelazimika kuutumia aupasue kwanza kwa urefu. Mnyaa na miti mingine ya utomvu mweupe isitumike hata kidogo, kwa sababu utomvu wake huunguza macho na moshi wake huwasha. Vivyo hivyo mti wa sumu ya mishale, Acokanthera, unaoota katika misitu yetu mikavu ya nyanda za juu: usichome kijiti usichokijua, na hasa usikichonge kuwa kijiti cha kuchomea nyama. Wenye birika la chuma lenye tundu la moto katikati wanajua, tunaamini, kwamba kizibo huondolewa kabla ya kuwasha.

Mahali pa kuliweka jiko ni udongo mtupu au mwamba, si juu ya majani yaliyosukumwa kando kidogo kwa kiatu. Udongo wa misitu ya milimani una mboji na mizizi mingi, nao hushika moto wa chinichini unaoweza kusafiri siku nzima kabla ya kutokeza. Upepo pia hugeuka: mchana hupanda mlima, na jua likitua hushuka, kwa hiyo hema lililokuwa salama saa kumi jioni linaweza kuwa upande wa cheche saa mbili usiku. Oktoba 2020, moto ulioanza eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, uliwaka kwa siku kadhaa Mlima Kilimanjaro na kuwapandisha mamia ya watu kwenda kuuzima, na taarifa za awali za wahifadhi wa Tanzania zilitaja watu waliokuwa wakipasha chakula. Hakuna aliyekusudia.

Majivu ndiyo yanayotutia wasiwasi kuliko mwali. Kaa la moto lililofunikwa na majivu hukaa hadi asubuhi, kwa kuwa majivu huzuia joto lisitoke, na upepo wa kwanza hulifunua. Mimina maji, koroga, mimina tena, kisha sogeza karibu nyuma ya kiganja. Ukihisi joto, hujamaliza. Kufukia kwa udongo si kuzima. Wala jiko lisiingizwe hemani kwa ajili ya joto, hata kama mwali umekwisha na limebaki na makaa tu, maana makaa hayo ndiyo yanayotoa kwa wingi kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Wakenya wanalijua jambo hili kuhusu jiko la makaa chumbani, lakini kwa sababu zisizotuelea hulisahau wakishafunga zipu ya hema.

Atakayezuiliwa jiko lake ahakikishe kwamba limeorodheshwa na kwamba amepewa nakala ya orodha hiyo. Jiko likishakuwa kielelezo huhifadhiwa hadi shauri liishe, na anayeamua hatima yake ni mahakama. Mlinzi aliyelichukua hana uwezo wa kulirudisha, na kumpigia simu kila jioni hakuharakishi lolote.