Nyota anapotaka kuondoka, klabu imshike hadi lini?

Mwenyekiti wa klabu moja alinipigia simu Jumapili usiku, saa chache baada ya mechi yao kumalizika pale City Stadium. Straika wake tegemeo alikuwa amemwambia kocha kwamba ana ofa Dar es Salaam na hana nia tena ya kuvaa jezi yao. "Ndugu yangu, nimkatalie?" Nikamuuliza mambo matatu: mkataba unaisha lini, mshahara wa mwisho mlimlipa lini, na mmepata nani wa kushika nafasi yake. La kwanza alilijibu papo hapo. La pili akalizunguka.

Nimeshughulikia mikataba ya wachezaji hapa Nairobi kwa miaka mingi, kwanza kama katibu wa klabu, sasa kama mshauri wa klabu na wa wachezaji pia. Swali la mwenyekiti yule huniijia kila dirisha la usajili linapokaribia kufunguliwa. Msimamo wangu haujabadilika: klabu ina haki ya kumshika mchezaji anayetaka kuondoka, na mara nyingi inafaa imshike, ila iwe kwa muda unaojulikana na pande zote mbili, na klabu yenyewe iwe haina deni kwake. Shabiki akiniambia "anayetaka kwenda mwacheni aende", namwelewa, kwa sababu ameumizwa. Lakini klabu haiwezi kuendeshwa kwa hasira za Jumapili jioni.

Zamani jambo hili halikuwa na mjadala. Mkataba wa Jean-Marc Bosman na RFC Liège ya Ubelgiji ulimalizika mwaka 1990, Dunkerque ya Ufaransa ikamtaka, na bado Liège iliweza kumkwamisha kwa sababu ya ada ya uhamisho. Mchezaji asiye na mkataba alikuwa bado mali ya klabu. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaukata mnyororo huo: mkataba ukiisha, mchezaji yuko huru. Leo kanuni za FIFA zinamruhusu hata kutia sahihi kwingine mkataba wake ukibakiza miezi 6.

Hapo ndipo hesabu yote ilipo. Nyota aliyebakiza miaka 3, klabu ndiyo inayotaja bei. Akibakiza mwaka mmoja, mnunuzi ndiye anayetaja. Ikibaki miezi 6, mnunuzi anaweza kunyamaza tu na kusubiri. Kwa hiyo klabu inayokataa ofa leo huwa inanunua kitu: inanunua msimu mmoja zaidi wa mchezaji yule, na inaulipia kwa tofauti kati ya ofa ya leo na ile itakayokuja mwakani. Viongozi wengi ninaokaa nao hawaifanyi hesabu hiyo kabisa. Wanasema "hapana" kana kwamba neno hilo halina gharama.

Borussia Dortmund waliifanya wakiwa macho wazi. Mwaka 2013 Robert Lewandowski alitaka kwenda Bayern Munich, Dortmund wakakataa kumuuza ingawa walijua ataondoka bure baada ya msimu mmoja. Akacheza, akafunga mabao 20 ya ligi, akawa mfungaji bora Ujerumani, kisha akaenda bila Dortmund kupata hata senti. Msimu uliofuata walimaliza nafasi ya 7. Mimi sisemi walikosea. Walikuwa na uwezo wa kulipia msimu ule. Ninachosema ni kwamba klabu yetu inayotegemea mapato ya mlangoni haina uwezo huo, na isiige.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Liverpool na Luis Suárez. Mwaka huohuo wa 2013 Arsenal walileta ofa ya pauni 40,000,001, na Suárez alitaka kuondoka. Liverpool wakamshika. Desemba akatia sahihi mkataba mpya, akamaliza msimu na mabao 31 katika mechi 33 za ligi, na Julai 2014 akauzwa Barcelona. Angalia huo mkataba mpya wa Desemba. Mchezaji aliyekuwa amekasirika Agosti alipewa sababu ya kukaa, na klabu ikapata msimu wake pamoja na bei nzuri.

Wengine hushika bila mpango. Mwaka 2025 Alexander Isak alikuwa na miaka 3 kwenye mkataba wake na Newcastle, nguvu zote zikiwa mikononi mwa klabu. Alipogoma, Newcastle walicheza mechi 3 za mwanzo wa ligi bila yeye na bila ushindi hata mmoja, kisha wakamuuza Liverpool kwa pauni milioni 125 siku ya mwisho ya usajili. Bei ilikuwa kubwa sana, sikatai. Lakini walifika palepale ambapo wangefika Julai, tena wakilazimika kujaza pengo siku za mwisho kabisa za usajili.

Kesi iliyotufundisha zaidi sisi wa ukanda huu ni ya Feisal Salum, Fei Toto. Desemba 2022 aliamua kuvunja mkataba wake na Yanga, akaweka zaidi ya Sh100 milioni za Tanzania kama malipo ya kujikomboa. Yanga wakazikataa, na kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wao. Nilizisoma habari zile kwa makini, na kisheria niliona Yanga wana haki: huwezi kuuvunja mkataba katikati kwa kuweka fedha benki kwa sababu tu umechoka kukaa. Ilifika hadi kwa Rais Samia Suluhu Hassan, aliyewaomba Yanga wayamalize, na katikati ya 2023 Fei akaenda Azam.

Bila yeye Yanga walitwaa ubingwa wa ligi na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa hiyo wapo wanaosema Yanga hawakupoteza kitu. Mimi moyo wangu uko kwa kijana aliyekaa nje nusu msimu. Alipopata nafasi Azam alifunga mabao 19 ya ligi msimu wa 2023/24. Mabao ya miezi ile ya ugomvi hayakuwa ya Yanga, hayakuwa ya Azam, hayakuwa ya Taifa Stars. Hakuna aliyeyafaidi. Klabu ilishinda kesi, na kesi haifungi mabao.

Niliseme hili waziwazi kwa viongozi: msimshike mchezaji kisha mkamtupa benchi ili "ajifunze adabu". Kanuni za FIFA zinampa mchezaji mzoefu aliyecheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za msimu haki ya kuomba kuvunja mkataba kwa sababu za kimichezo. Zinakataza pia unyanyasaji wa kumlazimisha mtu aondoke au akubali masharti mapya. Nimeona kijana akiamrishwa kukimbia peke yake kuzunguka uwanja wiki nzima huku wenzake wakicheza. Uongozi ulidhani unamwadhibu, kumbe ulikuwa unamwandikia ushahidi.

Sasa nirudi kwenye mshahara, kwa sababu hapa Kenya mjadala huu huishia hapo. Klabu ikilimbikiza mishahara ya miezi 2, mchezaji anaweza kuiandikia notisi ya siku 15. Siku zikipita bila malipo, ana sababu halali ya kuvunja mkataba, aondoke bure, na bado adai chake. Mkataba wa miaka 4 ulioutegemea unayeyuka kwa karatasi moja. Nimewaambia viongozi wa Ligi Kuu na wa madaraja ya chini, wengine wakinitazama kama msaliti: usipolipa, huna mchezaji wa kumzuia.

Niliwahi kuliona hili nikiwa ndani. Klabu niliyokuwa katibu wake ilikuwa na winga wa miaka 21, mtoto wa Eastlands, mwenye mguu wa kushoto ambao hata mashabiki wa upande wa pili waliupigia makofi. Ikaja barua ya ofa kutoka nje ya nchi. Kwetu ilikuwa fedha ya kuendesha msimu mzima. Mwenyekiti akaamua isijibiwe, na kijana asiambiwe. Niliiweka kwenye faili kama nilivyoagizwa. Wakati huo tulikuwa hatujamlipa mshahara kwa mwezi wa tatu, tukimwomba avumilie. Wiki tatu baadaye alinijia ofisini na notisi mkononi, akaniambia kwa upole, "Mzee, mngeniambia tu ningesubiri." Akaondoka bure. Hakupaswa kuombwa uvumilivu na watu waliomficha barua yake, na mimi nilipaswa kumwambia. Tangu siku ile sijakubali tena kuificha barua ya ofa ya mchezaji yeyote.

Hasara haikuwa yetu peke yetu, na hili ni jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mchezaji anapouzwa nje ya nchi akiwa na mkataba, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una asilimia 0.25, na kuanzia 16 ni asilimia 0.5. Chukua ada ya dola 200,000. Timu ya mtaa iliyomlea akiwa na miaka 16, 17 na 18 ingestahili dola 3,000, zaidi ya Sh380,000 za Kenya, mradi iwe ilimsajili rasmi. Nenda Camp Toyoyo pale Jericho asubuhi ya Jumamosi uone watoto wanaopokezana viatu, kisha uniambie fedha hiyo ni ndogo. Nyota akiondoka bure, hakuna ada, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri.

Kumshika kunaweza kufanywa kwa heshima. Victor Wanyama, kijana wa Nairobi, alihusishwa na Tottenham mwaka 2015, Southampton wakambakiza. Alicheza msimu mmoja zaidi, timu ikamaliza nafasi ya 6 Uingereza, na mwaka 2016 akaenda Tottenham kwa takriban pauni milioni 11. Southampton walikuwa wamemnunua Celtic kwa milioni 12.5. Walipoteza milioni 1.5 hivi kwenye karatasi na wakapata misimu mitatu ya kiungo wa kiwango kile. Hiyo ni biashara nzuri.

Yule mwenyekiti wa Jumapili tulikutana Jumanne, hotelini karibu na Jogoo Road, kijana akiwa amekuja na kaka yake mkubwa. Mkataba ulikuwa umebakiza miezi 19. Klabu ilikubali kulipa malimbikizo kwanza, kabla ya kuzungumza lingine lolote. Kisha tukaandika nyongeza ya ukurasa mmoja: anacheza hadi mwisho wa msimu, na baada ya hapo ofa yoyote inayofikia kiasi tulichokitaja haitakataliwa. Kijana aliusoma mara mbili, akampa kaka yake naye akausoma, akaomba tarehe iandikwe kwa maneno na kwa tarakimu. Tukaiandika hivyo.