Walimu wa uhandisi, acheni kuomba hatua: dhana potofu za mafunzo ya likizo

Kila likizo ya Juni nakaa na walimu wa sekondari wa Tanzania wanaofundisha uhandisi kwenye mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi: ujenzi, umeme, mitambo. Na kila likizo, kabla hata ya chai ya saa nne, kuna mkono unanyooshwa: "Mkufunzi, hatua za kutengeneza utatupa lini?" Mwalimu anataka karatasi yenye namba moja hadi kumi, aende nayo shuleni, Julai awasomee wanafunzi nao watengeneze. Nimelisikia swali hili hadi nimechoka nalo. Leo nalijibu kwa kirefu, na dhana nyingine nitazigusa tu.

Dhana: Kufundisha uhandisi ni kuwapa wanafunzi hatua, watengeneze kitu kifanye kazi.

Ukweli ni kwamba darasa la wanafunzi 40 likitoka na vitu 40 vinavyofanana, hakuna aliyebuni chochote. Wamefuata maelekezo. Kufuata maelekezo kuna mahali pake, maana nyaya za umeme hazifungwi kwa kubahatisha na usalama wa karakana haujadiliwi. Lakini mhandisi huanza na tatizo, na tatizo huja na masharti: mzigo wa kiasi gani, gharama isizidi ngapi, vifaa gani vipo, kazi iishe lini. Majibu yanayotimiza masharti hayo huwa mengi. Kazi ni kuchagua moja na kuweza kulitetea kwa vipimo. Viwango vya elimu ya sayansi vilivyotolewa Marekani mwaka 2013 vinaeleza hivyohivyo waziwazi: sayansi huanza na swali, uhandisi huanza na tatizo.

Wengi wanaokuja kwangu ni walimu wa fizikia. Wamezoea majaribio ya maabara ambayo jibu lake linajulikana: mchapuko wa mvutano wa dunia unatoa 9.8, mwanafunzi akipata 7 amekosea, basi. Wanaingia kwenye ubunifu na mazoea hayohayo, na hapo ndipo tunapogombana.

Zoezi ninalolitegemea kuliko yote linataka karatasi moja ya A4 kwa kila kundi. Meza mbili zinaachana sentimita 20. Jengeni daraja libebe kikombe katikati, kisha tunamimina mchanga kikombeni kidogokidogo hadi daraja lianguke. Mchanga unapimwa kwenye mizani. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo kila kundi linagawa mzigo wake kwa 5 na kujua daraja limebeba mara ngapi ya uzito wake. Karatasi ikilazwa hivihivi, inapinda kwa kikombe kitupu. Baadaye mtu mmoja anaikunja mikunjo kama bati la paa, na daraja linabeba.

Hapo ndipo natamani mwalimu anyamaze. Hanyamazi. "Haya wote, kunjeni kama mwenzenu!" Kwa sentensi moja amewanyang'anya wanafunzi kazi yenyewe.

Cha kufanya ni kuongeza mchanga hadi hilo la mikunjo nalo lianguke, halafu kuuliza: limeangukaje? Ukiinama ukalitazama usawa wa meza, unaiona mikunjo inafunguka kuelekea pembeni, inalala, na bati linarudi kuwa karatasi. Karatasi yenyewe haikuchanika. Kilichoshindwa ni mikunjo kubaki imesimama. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho yake sasa ana tatizo la kweli mkononi. Kundi moja litakunja kingo kuzibana, lingine litakata ukanda wa karatasi hiyohiyo na kuufunga katikati, lingine litapunguza kimo cha mikunjo na kuongeza idadi yake, kisha litagundua kwamba limepoteza nguvu. Kwa nini limepoteza? Sasa fizikia inaingia kwa kuitwa. Mbao ya inchi 2 kwa 4 ikisimamishwa ni ngumu kupinda mara 4 kuliko ikilazwa, ingawa ni mbao ileile, na kila mtoto ameshamwona fundi wa paa akiisimamisha. Kimo ndicho kinachobeba. Ukilisema hilo mwanzoni, wataliandika daftarini na kulisahau. Likisemwa baada ya daraja kuanguka, watalidai wenyewe.

Nimewaona walimu watu wazima wakilifinyanga daraja lililoanguka na kulisukuma chini ya meza nisilione. Naumia, kwa sababu hilo ndilo lenye habari zote tunazotafuta. Mradi wa SMASSE ulioanza Kenya mwaka 1998 ulijenga mafunzo ya walimu wa sayansi na hisabati juu ya mzunguko wa kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Mhandisi akiusikia mzunguko huo anaitambua kazi yake. Ukiruka kutazama, huna cha kuboresha.

Dhana: Bila karakana kamili hakuna uhandisi.

Kuchomelea kunataka mashine ya kuchomelea, na shule zina haki ya kuidai. Ila kuchora, kupima, kukisia gharama na kujaribu kunataka rula, penseli na mizani. Shule yenye rula 40 isikae kusubiri mashine moja.

Dhana: Uhandisi sekondari umeletwa na mtaala mpya.

Mkondo wa amali ulianza kidato cha kwanza Januari 2024, ni kweli. Lakini shule za ufundi za Ifunda na Moshi zilikuwa zikifundisha ufundi tangu miaka ya 1950, na walimu wastaafu wa shule za ufundi wapo mitaani kwetu. Waiteni shuleni kabla ya kulia kwamba hamna wa kumwuliza.

Dhana: Aliyesomea uhandisi angefundisha vizuri kuliko mwalimu.

Hapana. Anajua boriti, hajui darasa la kidato cha pili saa nane mchana. Mwalike asikilize wanafunzi wakitetea michoro yao na awaulize maswali magumu. Somo ni lako.

Dhana: Nikimaliza wiki ya mafunzo nimeiva.

Wiki moja inakuonyesha njia tu. MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) iliwekwa kwa sababu hiyo, ili mafunzo yaendelee kazini kupitia Jumuiya za Ujifunzaji, yaani vikundi vya walimu wanaojifunza pamoja, mwalimu akiwa na wanafunzi wake halisi. Na hapa nitasema lile ambalo walimu wangu wamelichoka: nunua daftari gumu. Weka namba kwenye kurasa zote kabla ya kuandika lolote. Andika tarehe, chora, andika vipimo pamoja na vizio vyake, tumia kalamu ya wino. Usifute. Kosa lipige mstari mmoja ili bado lisomeke, na pembeni andika kwa nini umelikata. Fanya kila zoezi wewe mwenyewe kabla ya kuwapa wanafunzi, na daftari lako liwe na kurasa zilizokatwa kama yao. Mkikutana kwenye jumuiya, mwalimu wa kwanza kusoma asome kilichokataa darasani wiki hiyo, ataje na vipimo, na mwalimu wa hisabati awe amekaa hapohapo.