Kuifungua 1HZ: vipimo kwanza, turbo mwisho

Mwenye Land Cruiser ya 1HZ akisema anataka kuiongezea nguvu, karibu kila mara anaanza na turbo. Mimi naanza na radiata. 1HZ ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, ambayo Toyota iliitoa mwaka 1990 ikiwa injini ya kuvuta hewa yenyewe. Ina nguvu za farasi 130 hivi, na torki yake ya juu, 285 Nm, unaipata kwenye mizunguko 2,200 tu kwa dakika. Ndiyo maana inatambaa vizuri kwenye mawe na matope, ila inahema kwenye mlima mrefu wa lami. Bloki na silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) vyote ni chuma kizito, si aluminiamu, na injini hii haichoki kwa kazi. Kinachoiua ni joto.

Sababu iko kwenye hedi. Dizeli ya 1HZ hairushwi moja kwa moja juu ya pistoni; inaanza kuwaka ndani ya chemba ndogo iliyochimbwa kwenye hedi, kisha moto unatoka kwa kupitia tundu jembamba. Joto jingi linabaki kwenye kuta za chemba ile na linaishia kwenye maji ya radiata. Ndugu yake, 1HD-T, ana turbo ya kiwandani, dizeli yake inarushwa juu ya pistoni, mgandamizo wake ni 18.6 kwa 1, na chini ya kila pistoni kuna kinyunyizio cha oili cha kuipoza. 1HZ ina mgandamizo wa 22.4 hivi na haina vinyunyizio hivyo. Ukijua hilo utaelewa kwa nini 1HZ iliyofungwa turbo kiholela hupasuka hedi katikati ya valvu, au hutoboka pistoni.

Kabla ya kushika spana, pima. Injini ikiwa ya moto, toa plagi zote za kupasha joto (glow plug), kata umeme wa solenoidi ya pampu ili dizeli isipite, kisha pima mgandamizo silinda moja baada ya nyingine. Usihangaike sana na namba moja moja, angalia tofauti. Silinda moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya bar 5, kuna jambo. Hapo mimina kijiko cha oili ndani ya silinda ile upime tena: mgandamizo ukipanda, ringi (pete za pistoni) zimekwisha, usipopanda, shida iko kwenye valvu au gasketi. Kisha washa injini, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze na ukiache juu ya tundu. Kikiruka na moshi ukatoka kwa msukumo, pistoni zinapumulia chini, yaani gesi ya mwako inapita pembeni mwake. Mapovu yanayoendelea kutoka kwenye radiata, mfuniko ukiwa wazi, ni gesi ya mwako. Hiyo ni gasketi au ufa.

Ukishaamua kufungua, sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ndiyo inayosema ukweli. Pitisha sumaku kwenye oili iliyomwagika. Unga unaong'aa kama fedha usionasa kwenye sumaku umetoka kwenye beringi. Vipande vinavyonasa vimetoka kwenye krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), gia au ringi. Kama beringi zimesagika, kipoza oili kilichofungwa ubavuni mwa bloki usikirudishe kilivyo. Vipande vinajificha ndani yake, na beringi mpya zitakula uchafu ule ule ndani ya wiki. Kibadilishe, au kisafishwe na mtu mwenye vifaa vya kusukuma dawa kinyume na njia ya oili. Injini nyingi zilizofunguliwa vizuri zinanoki (zinagonga na kufa) tena kwa kosa hili moja.

Vifuniko vya konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) na vya krenki viwekee alama kabla ya kuvitoa: namba na upande. Havibadilishani, maana vilichongwa vikiwa vimefungwa mahali pake.

Silinda hupimwa kwa boa geji (kipimo cha kipenyo cha ndani) sehemu tatu: juu pale ringi ya kwanza inapogeukia, katikati na chini, kila mahali mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Utaona ulaji mkubwa uko juu, tena upande pistoni inakosukumwa. Bloki ya 1HZ haina silivu (bomba la chuma linalovishwa ndani ya silinda) kutoka kiwandani, kwa hiyo ikiwa imekwisha inachongwa kwenda oversaizi, yaani kipenyo kikubwa kuliko cha kiwandani, mara nyingi 0.50 milimita. Nunua pistoni kwanza, zipeleke kwa mchongaji, achonge kwa kufuata pistoni zilizo mkononi. Anayechonga bila kuziona anabahatisha. Mistari ya honi (jiwe la kukwaruzia ukuta wa silinda) iwe ya msalaba, nyuzi 45 hadi 60, na ukishamaliza osha silinda kwa maji ya moto na sabuni, si petroli peke yake. Petroli inaacha unga wa jiwe la honi kwenye mistari. Futa kwa kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitoke cheupe.

Ringi usizivishe kama zilivyotoka boksini. Iingize kila ringi ndani ya silinda yake, isukume chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kanuni ya jumla ni 0.03 hadi 0.04 milimita kwa kila sentimita ya kipenyo. Silinda ya milimita 94 inataka 0.28 hadi 0.38. Kama turbo inakuja baadaye, nenda upande wa juu. Ringi yenye mwanya mdogo ikipata moto inatanuka, ncha zinagongana, na inakwaruza ukuta au kuvunja mdomo wa pistoni.

Kwa beringi natumia Plastigage, ule uzi mwembamba wa plastiki. Unakata kipande, unakilaza juu ya krenki kavu, unafunga kifuniko kwa kipimo cha kitabu, unafungua tena, unalinganisha upana wake na karatasi yake. Uzi uliobanwa ukawa mpana sana maana yake nafasi ni ndogo. Krenki isizunguke hata kidogo uzi ukiwa ndani. Ikizunguka, kipimo hicho kitupe.

Hedi ipelekwe kwa mwenye mashine ya kujaribu ufa kwa shinikizo. Macho hayatoshi, na kuisawazisha kabla ya kujua kama imepasuka ni kutupa hela. Viti vya valvu vikishasagwa, valvu inapanda juu na nafasi yake inapungua, kwa hiyo lazima shimu (visahani vya chuma vinavyopanga nafasi hiyo) zipangwe upya. Injini ikiwa ya baridi, valvu za kuingiza zinataka milimita 0.15 hadi 0.25, za kutolea moshi 0.35 hadi 0.45. Tuseme valvu ya kutolea inasoma 0.20 na shimu yake ni 2.80, nawe unataka 0.40: weka shimu ya 2.60. Valvu iliyobana haipigi kelele, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Inaungua kimyakimya.

Gasketi ya hedi hainunuliwi kwa kukisia. Zipo za unene tofauti, zimewekewa alama pembeni. Pima kwa dayo geji (geji ya sindano) kila pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloki, kisha chagua kwa jedwali la kitabu ukifuata ile iliyochomoza zaidi. Boliti za hedi unazikaza kwa mpangilio kutoka katikati kwenda nje, 69 Nm, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyingine. Tia oili kidogo kwenye nyuzi za boliti, na hakikisha mashimo hayana maji wala oili. Boliti ikibana maji chini ya shimo inaweza kupasua bloki.

Taimingi belti, rola yake na pampu ya maji badilisha kwa pamoja. Belti ikikatika kwenye 1HZ, valvu zinakutana na pistoni, na kazi yote hii inarudi mwanzo.

Siku ya kuwasha, zungusha injini kwa stata solenoidi ya dizeli ikiwa imekatwa mpaka geji ya oili ipande, kwa vipindi vifupi ili stata isiungue. Ndipo urudishe umeme wa solenoidi uwashe. Usiiache injini ikae sailensa (ikinguruma taratibu bila mzigo) nusu saa ukiitazama kwa furaha: ringi mpya zinataka mzigo, na bila mzigo ukuta wa silinda unageuka kioo na injini itakula oili maisha yake yote. Itoe barabarani, panda na kushuka mizunguko, usiilazimishe. Oili ya kwanza imwage kilomita 500, kata filta uikague.

Napenda itembee kilomita 3,000 bila turbo. Muda huo tengeneza upozaji: radiata safi, termostati mpya, klachi ya feni ambayo haijapoteza oili yake ya silikoni. Turbo ikija, bomba la kurudisha oili ndilo la kuangalia kuliko yote. Oili inatoka kwenye turbo ikiwa povu, haina msukumo, inashuka kwa uzito wake tu. Bomba liwe pana, milimita 16 au zaidi, literemke bila kona ya kupanda, liingie sampu juu ya usawa wa oili. Likiziba kidogo, oili inatoka kwenye sili za turbo, gari linafuka moshi wa bluu, na lawama inakwenda kwa turbo isiyo na kosa.

Shinikizo la 0.5 hadi 0.7 bar linatosha kwa pistoni za kawaida. Pampu ya 1HZ haina kifaa cha kuongeza dizeli kadiri turbo inavyopanda, hivyo ukifungua skrubu ya dizeli bila kuweka kifaa hicho, gari litafuka moshi mweusi kila unapoanza kuondoka. Ifungue moja ya nane ya mzunguko kwa mara moja. Na usiiguse kabla ya kufunga geji ya joto la moshi, sensa ikiwa kwenye manifoldi kabla ya turbo. Ikiwekwa baada ya turbo inasoma chini kwa nyuzi mia moja au zaidi. Tafuta mlima mrefu, pakia mzigo, panda kwa gia ya tatu mguu ukiwa chini. Sindano ikipita nyuzi 650 na bado inapanda, simama, rudisha skrubu moja ya nane, upande tena.