Je, wajua kwa nini filimbi moja ya milima ya Andes, Amerika Kusini, haimalizi wimbo?

Kando ya Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, Waaymara na Waquechua wana filimbi ya matete yaliyofungwa kwa safu, refu hadi fupi. Waaymara huiita siku (haina undugu na Jumatatu wala Jumanne). Ajabu yake ni kwamba imegawanywa mara mbili. Nusu moja, ira, kwa kawaida ina matete 6. Nusu ya pili, arka, ina 7. Kila nusu ina mtu wake, na hakuna aliye na sauti zote za wimbo.

Kwa nini? Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu, na nimewahi kumpa hata mtu ambaye hakuniuliza: ni pumzi. Ziwa lenyewe liko mita 3,800 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo lazima wapulizaji wapokezane wasije wakaanguka.

Jibu hilo si la kijinga. Kupuliza matete huleta kizunguzungu hata Dar es Salaam, na kupokezana kweli humpa mtu nafasi ya kuvuta hewa. Lakini milima hiyohiyo ina kena, filimbi ya tete moja lenye matundu, na mtu mmoja huipuliza wimbo mzima bila msaidizi. Halafu kuna vyombo vya udongo vya Wamoche, walioishi pwani ya kaskazini ya Peru zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Baadhi vina picha za wapulizaji wawili wawili, filimbi zao zimeunganishwa kwa kamba. Picha haitoi sauti, hivyo haithibitishi kwamba waligawana wimbo kama wanavyofanya Waaymara leo. Ila pwani ni pwani. Hewa ipo tele. Na kwetu huku, amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, hupigwa na watu wanaopachika mapigo yao katikati ya mapigo ya mwenzao, na hapo hakuna anayepuliza chochote.

Ili kuelewa kinachotokea, fikiria wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja. Mchi wa huyu ukishuka, wa yule unapanda. Ukisikiliza kutoka nyuma ya nyumba, unasikia mtwangaji mmoja mwenye kasi isiyo ya kawaida. Tofauti ni kwamba michi hutoa sauti ileile, ilhali ira na arka zimegawana ngazi ya sauti kama namba witiri na shufwa. Ni kama kugawana silabi za "haba na haba hujaza kibaba": wewe unabaki na ha-na-ba-ja-ki-ba, mwenzako ba-ha-hu-za-ba. Kila mmoja peke yake anasikika kama mgonjwa wa homa. Mfano huu nao una kasoro, kwa sababu kwenye siku zamu haiendi moja kwa moja. Wimbo ndio unaoamua, na wakati mwingine ira hupuliza mara mbili mfululizo huku arka akingoja. Wazoefu huacha mkia wa sauti ya mmoja uguse kichwa cha sauti ya mwenzake, ili pengo lisisikike.

Kwa hiyo ukimwona mtu wa mjini mwenye poncho (vazi kama blanketi lenye tundu la kichwa), anayepiga wimbo wote peke yake, amezifunga nusu zote mbili pamoja. Huo ni mtindo wa bendi za karne ya 20. Kijijini, kugawana ndiyo maana yenyewe: ukitaka wimbo, tafuta mwenzako.

Hapo ndipo tiba inapoingia, na hapa nakwenda polepole. Wakallawaya wa Bolivia, waganga ambao utamaduni wao ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2003, wanajulikana hasa kwa dawa za mitishamba. Katika matambiko yao, makundi ya wanamuziki yaitwayo kantu hupiga siku na ngoma ili kufungua mawasiliano na mizimu. Sisemi filimbi inaponya homa. Kwao ugonjwa unaweza kuwa dalili ya uhusiano ulioharibika kati ya watu na ardhi, na jambo la namna hiyo halitengenezwi na mtu mmoja.

Ala pia zina majira. Katika vijiji vingi pinkillu, filimbi ya mbao au tete ambayo hulowekwa kabla ya kupigwa, ni ya masika, na husemwa kwamba huita mvua. Siku ni ya kiangazi. Nilipojifunza hili nilidhani nimepata kanuni safi. Kumbe kila Februari, mvua ikiwa imechachamaa, mji wa Puno, kando ya ziwa hilo upande wa Peru, husherehekea Bikira Maria wa Candelaria, na wapulizaji wa siku hujaa barabarani kwa mamia, wawili wawili, wakinyeshewa.