Je, wajua tunaisomaje akili ya mhusika anayeapa kuwa ni mzima?

Pale Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, ndoo ya dagaa ikipotea hakosi mtu wa kusema kabla hajaulizwa: "Mimi hata upande ule sijapita leo." Akina mama wachuuzi hutazamana tu. Nani alikuuliza?

Hadithi fupi za Kigothiki, zile za nyumba zenye giza na siri, zinahitaji msomaji mwenye jicho la akina mama hao. Chukua "The Tell-Tale Heart" ya Mmarekani Edgar Allan Poe, iliyotoka mwaka 1843. Msimulizi asiye na jina anamuua mzee anayeishi naye na kumficha chini ya mbao za sakafu. Mali ya mzee haitaki, na anasema alimpenda. Kilichomkera ni jicho lake moja, lenye utando, kama la tumbusi.

Poe hasemi popote kwamba mtu huyu karukwa na akili. Anamwacha ajitetee: mwendawazimu angewezaje kuwa mwangalifu hivi? Usiku saba mfululizo, saa sita kamili, alikwenda kumchungulia mzee akiwa na taa aliyoifunika, na kuingiza kichwa tu mlangoni kulimchukua saa nzima. Yeye anaona hesabu hizo zinamsafisha. Mtu gani mwenye akili timamu hujisifia hivyo?

Lakini ushahidi ninaoupenda zaidi ni mdogo, na wengi huupita haraka. Usiku wa nane mzee anashtuka, anaketi kitandani, anaguna kwa hofu. Msimulizi anasema mguno huo anaujua vizuri, kwa kuwa umemtoka yeye mwenyewe kifuani usiku mwingi, dunia yote ikiwa imelala. Kumbe hofu ilikuwa yake kabla ya kuwa ya mzee!

Baadaye wanakuja polisi watatu. Wanakaa, wanapiga soga. Yeye anasikia moyo ukidunda chini ya sakafu, anapaza sauti, anakwaruza mbao kwa kiti, anaamini kabisa kwamba wanausikia na wanamcheka. Mwishowe anakiri, bila kubanwa na yeyote.

Moyo ule ni wa nani? Ukisema wa marehemu, umepata hadithi ya mzimu. Mimi nasema ni wake mwenyewe, kwa sababu ya ule mguno.